Huenda

Otaniemi, Februari, nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Raili Kemppi anakung'uta theluji kwenye viatu vyake vya sufu,
anatundika koti, na bahasha iliyokuwemo
anaihamishia mfuko wa koti jeupe la maabara.
Hajaifungua tangu Jumanne.

"Nje kuna joto," huwaambia wanafunzi wageni,
nao hucheka, mpaka awaonyeshe jokofu lake:
sahani za shaba zilizochovywa dhahabu
zikining'inia kutoka darini, ghorofa chini ya ghorofa,
kila moja baridi kuliko iliyo juu yake,
hadi pale ambapo imesalia sehemu moja ya mia ya digrii
kabla ya baridi yenyewe kukosa pa kwenda.
Huko chini, kwenye kipande kidogo kuliko ukucha,
anaishi kyubiti.

Biti tunaijua. Ni swichi ya taa.
Moja au sifuri, haina la tatu,
na kwenye njia panda hushika njia moja ikaenda.
Fisi wetu alinusa nyama huku, akanusa nyama kule,
akatia mguu hapa na mguu pale,
akapasuka msamba.

Kyubiti hapasuki.
Hupita huku na kule, na njia zikikutana mbele
hukutana kama mawimbi:
mahali fulani wimbi juu ya wimbi, maji yakapanda,
mahali pengine kilele kikaangukia shimoni,
maji yakalala kana kwamba hapakutupwa jiwe.
Kazi yote iko hapo, wala si uchawi:
kuzipanga njia hata majibu ya uongo yauane yenyewe
na la kweli libaki limesimama.

Kiswahili kilimwekea jina kabla hajajulikana.
Huenda, yaani labda.
Huenda, yaani kwenda ndiyo desturi yake.

Lakini usichungulie.
Ukichungulia anakuwa biti, swichi ya taa, basi.
Na si macho tu yanayochungulia:
lori likipita barabarani, chembe ya joto ikiponyoka,
joto nalo ni jicho.
Ndiyo maana ya jokofu. Ndiyo maana Raili,
miaka thelathini na moja sasa,
anasaka matundu ya heliamu yasiyoonekana
kwa sikio, kwa mashine, kwa hasira.

Oiva, kijana wa Kuopio, ameuona muhuri wa hospitali.
"Kwa hiyo humo ndani mna ndiyo na siyo kwa pamoja?"
Alitaka kuchekesha.
"Hapana," anasema Raili. "Barua imeshaandikwa.
Kuna mtu aliipiga chapa, akaenda kula chakula chake cha mchana.
Mimi tu ndiye sijui.
Usichanganye, kijana. Yule pale chini
hata yeye mwenyewe bado hana la kuficha."

Saa tisa usiku namba zinaanza kushuka kwenye skrini.
Sifuri. Moja. Moja. Sifuri. Moja.
Jibu moja halina maana.
Humwandaa upya, humuuliza upya,
mara elfu mbili, kama karani wa sensa kwenye mlango uleule,
na kutoka kwenye rundo la ndiyo na siyo
umbo la ile huenda linajitokeza polepole,
kama uso kwenye kioo kinachokauka mvuke.
Oiva anapiga meza kwa furaha.
Raili anamtazama kwa ukali: meza, Oiva. Meza.

Bahasha huulizwa mara moja tu.
Anaichana kwa bisibisi, anasoma akiwa amesimama,
anaikunja mara nne.

Pampu inapiga, tsh, tsh, tsh.

"Tupime tena?" anauliza Oiva, bila kugeuka.

"Tupime tena," anasema Raili.
"Lakini chemsha kahawa kwanza. Na ufunge mlango taratibu."